Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali yetu: siri za wagonjwa zisiendelee kusafiri kwenye flashi zilizo wazi

Kwa:
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Mganga Mfawidhi,
Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA.

YAH: KUSITISHA MATUMIZI YA FLASHI ZA KAWAIDA KUBEBEA TAARIFA ZA WAGONJWA

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa mtumishi wa takwimu katika kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, ile ambayo kila mtu anaiita CTC. Jina la hospitali nimeliacha kwa makusudi. Ninyi mnajua kuwa barua hii ni yenu, na wateja wetu hawastahili kukuta jina la kliniki yao limeanikwa hadharani kisha waogope kuja kuchukua dawa. Jina langu pia nimelihifadhi, ila dokezo langu lipo kwenye jalada, na mengi ya haya nimeshayasema mbele yenu.

Nimefika hapa baada ya njia za ndani kugota. Nilianza kwa mkuu wangu wa kitengo, kwa mdomo. Nikaandika dokezo. Nikaomba suala liingie kwenye kikao cha menejimenti. Likawekwa kwenye "mengineyo", likazungumzwa mwishoni wakati watu wanakusanya karatasi zao. Jibu lililorudi ni kwamba limepokelewa na litafanyiwa kazi. Kilichofuata ni tangazo moja ubaoni linalowataka watumishi wawe makini na vifaa vyao. Nasema kwa heshima: mtumishi makini kuliko wote hapa hospitalini anaweza kuporwa begi leo jioni, na umakini wake hautamzuia mporaji kufungua faili.

Ninachoomba ni kitu kinachonunulika. Taarifa yoyote ya mgonjwa inayotoka nje ya kliniki ikiwa ndani ya kifaa cha mkononi, itoke kwenye flashi yenye chipu yake ya kusimba data (yaani kuzigeuza fumbo lisilosomeka bila ufunguo) na vitufe vya namba ya siri, mali ya hospitali, iliyoandikwa kwenye rejesta. Flashi binafsi zikome. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya nyingine.

1. Kilichomo ndani ya flashi hizo

Naanza hapa kwa kuwa naamini wajumbe wengi wa Bodi hamjawahi kufunguliwa faili hizi mkaziona. Mkisikia neno "ripoti" huenda mnawaza jedwali la idadi: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi wameanza dawa. Ripoti za namna hiyo zipo, na hazina jina la mtu. Lakini kinachosafiri ni zaidi ya hizo. Inasafiri nakala nzima ya kanzidata ya kliniki. Zinasafiri orodha za Excel za wateja waliokosa miadi, tunazozitoa ili wahudumu wa ngazi ya jamii wawafuate nyumbani.

Fomu yetu inamwuliza mteja jina, umri, namba ya simu, kijiji au mtaa. Inamwuliza mkuu wa kaya. Inamwuliza balozi wa nyumba kumi. Inamwuliza msaidizi wake wa tiba ni nani na anapatikanaje. Halafu inafuata tarehe aliyopimwa, dawa anazotumia, wingi wa virusi katika damu, kama ana kifua kikuu, kama ni mjamzito. Kila swali lina sababu yake ya kitabibu, na mimi ni wa kwanza kulitetea. Bila jina la balozi hatumpati mteja aliyehama chumba. Bila msaidizi wa tiba hatuna wa kumpigia dawa zinapoachwa. Yakishakusanywa mahali pamoja, majibu hayohayo yanamfikisha mtu yeyote mlangoni kwa mwenzake akiwa tayari anajua jambo ambalo mwenye nyumba hajamwambia hata ndugu yake wa damu.

Yumo mama ambaye hajamweleza mumewe, kwa sababu anajua kitakachomfika usiku huo. Yumo mwalimu. Yumo mfanyabiashara wa sokoni ambaye anasafiri hadi kwetu kutoka wilaya nyingine, akipita vituo viwili vya karibu zaidi, ili tu asionekane na wanaomfahamu. Yumo mtoto aliyezaliwa na virusi ambaye walezi wake bado wanajiandaa kumweleza. Faili linajua kabla yake. Watu hawa walitupa majina yao baada ya mshauri kuwaangalia usoni na kuwaambia: haya yatabaki hapa. Ahadi ile ilitolewa kwa jina la hospitali.

2. Jinsi taarifa zinavyosafiri

Flashi nyingi tunazotumia tumezinunua wenyewe. Ni flashi ileile inayobeba kwaya au kaswida ya mtu, picha za mahafali ya mtoto na barua ya kuomba mkopo. Mtumishi akihitaji kuchapa kitu, na mashine ya ofisini haina wino, anakwenda steshenari karibu na stendi, anaichomeka kwenye kompyuta ambayo watu wa kila aina wameshachomeka flashi zao tangu asubuhi. Wote mnawajua wale virusi wa kompyuta wanaogeuza mafoda kuwa shotikati. Wanatoka huko na kurudi nasi kliniki. Lakini jambo linaloninyima usingizi ni mwendo wa upande wa pili: kompyuta ya steshenari inaweza kunakili chochote kilichomo kwenye flashi iliyochomekwa, na mwenye flashi akaondoka bila kuona dalili yoyote.

Wapo wanaosema wao hufuta faili kabla ya kutoka. Kufuta kwa kawaida kunaondoa jina la faili kwenye orodha na kuacha data zenyewe palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu za kurudisha faili zilizofutwa zinapatikana bure, na hata kijana wa kutengeneza simu anazo.

Kisha kuna safari yenyewe: daladala, bodaboda, mfuko wa suruali, kamba ya funguo shingoni. Vitu hivi vinapotea. Vitaendelea kupotea hata tukiwa na tabia njema kiasi gani, na mpango wowote unaotegemea visipotee umeshashindwa kabla haujaanza.

3. Ile flashi iliyoporwa

Tukio mnalifahamu. Mwenzetu alikuwa akipeleka data wilayani, pikipiki ikampita karibu na begi likanyakuliwa. Ndani kulikuwa na pochi, simu, na flashi yenye nakala ya kanzidata pamoja na orodha ya kufuatilia wateja. Alikwenda polisi akapewa RB, ile hati ya kuonyesha kwamba ameripoti. RB ilitaja simu na fedha.

Hospitali ilimtaka aandike maelezo ya kwa nini asichukuliwe hatua. Akaandika. Kisha akanunua flashi nyingine kwa fedha yake, ya aina ileile, na mwezi uliofuata data zikasafiri vilevile. Hakuna mteja aliyeambiwa. Sisi tunaofanya kazi na faili hizo hatukuonyeshwa taarifa yoyote iliyopelekwa kwa mamlaka. Mwenzetu yule hajawa sawa tangu siku hiyo. Kila mteja akichelewa kuja, anajiuliza kama kuchelewa huko kunatokana na yeye.

Ninachokilalamikia hapa ni hiki: aliyeporwa alihojiwa, lakini hakuna aliyehojiwa kwa kumtuma mtu na siri za mamia ya watu bila kumpa chombo cha kuzibebea. Dereva wa gari la wagonjwa hatumwambii ajinunulie matairi. Mtu wa maabara hatumwambii aje na sindano zake.

4. Sheria imeshasema

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Anayekusanya taarifa, yaani hospitali, ndiye anayetakiwa kuweka ulinzi dhidi ya kupotea au kufikiwa na asiyehusika, na kuiarifu Tume usalama wa taarifa unapovunjwa. Sheria haisemi kwamba wajibu huo unahamia kwa karani anapopanda daladala. Kabla ya hapo tulikuwa na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda usiri wa majibu ya vipimo, na nyuma ya zote ipo Ibara ya 16 ya Katiba kuhusu faragha ya mtu.

Kwa jirani zetu Kenya jambo hili limewekwa wazi zaidi. Sheria yao ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatoa saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data baada ya kugundua uvujaji. Pia inaeleza kuwa mhusika halazimiki kuwaarifu wenye data ikiwa alikuwa ameweka kinga stahiki, na usimbaji umetajwa kama mfano wa kinga hiyo. Mantiki yake iko wazi: kifaa kilichosimbwa kikipotea, kilichopotea ni mali. Siri za watu hazijatoka.

5. Wengine wameshapita njia hii

Polisi wa Greater Manchester, Uingereza, walikuwa na desturi kama yetu. Mwaka 2011 flashi isiyo na nywila iliibwa nyumbani kwa askari wao, ikiwa na taarifa za watu zaidi ya 1,000 waliohusiana na uchunguzi wa uhalifu mkubwa. Mwaka uliofuata Kamishna wa Taarifa aliwatoza faini, wakalipa pauni 120,000. Kilichonigusa zaidi ni sehemu iliyofuata. Jeshi lile lilipotangaza msamaha, kwamba mwenye kifaa kisichofungwa akirudishe bila kuadhibiwa, vikarudishwa vifaa kama 1,100. Ina maana ile flashi moja iliyoibwa ndiyo pekee iliyokuwa imeonekana. Nina hakika tukifanya hivyo hapa kwetu, meza ya Mganga Mfawidhi itajaa.

Oktoba 2017 mtu mmoja aliokota flashi barabarani magharibi mwa London. Akaichomeka, ikafunguka. Ilikuwa ya uwanja wa ndege wa Heathrow, ina faili zaidi ya 1,000, hakuna iliyofungwa. Uwanja ule nao ulitozwa pauni 120,000, na uchunguzi ukaonyesha kuwa kati ya wafanyakazi 6,500 ni asilimia 2 tu waliokuwa wamefunzwa ulinzi wa data.

Linganisheni na mji wa Amagasaki, Japani. Juni 2022 mfanyakazi aliyekuwa chini ya kampuni iliyopewa kazi na mji huo alipoteza begi lenye flashi mbili baada ya kunywa pombe usiku. Ndani kulikuwa na taarifa za wakazi wote, watu kama 460,000. Uzembe ulikuwa mkubwa, na kampuni iliomba radhi hadharani. Lakini data zilikuwa zimesimbwa, begi likapatikana, na hakukuonekana dalili kwamba siri za wakazi zimetoka. Mfanyakazi wetu alikuwa macho, ametumwa, yuko njiani kikazi, na sisi hatuna la kuwaambia wateja wetu.

Kifaa ninachokisema

Baadhi yenu mliniuliza kuna tofauti gani kati ya flashi hii na ile ya dukani, kwa hiyo nieleze kwa kirefu kidogo.

Flashi ya kawaida ni kumbukumbu tupu. Faili linakaa humo kama lilivyo. Flashi inayosimba kwa chipu ina kitu katikati: kila data inayoingia inapita kwenye chipu inayoigeuza kuwa fumbo kabla haijaandikwa, na kila inayotoka inafumbuliwa hapohapo. Njia inayotumika ni AES yenye ufunguo wa biti 256, ambayo Marekani iliikubali kuwa kiwango rasmi mwaka 2001 na ndiyo inayotegemewa na mabenki na serikali nyingi. Ufunguo unatengenezwa ndani ya kifaa na hautoki. Mtumiaji anachojua ni namba ya siri tu, anayoibonyeza kwenye vitufe vya flashi yenyewe, ambayo ina betri yake ndogo, kisha ndipo anaichomeka kwenye kompyuta. Akiichomoa, inajifunga. Hakuna kuifunga kwa mkono, kwa hiyo hakuna cha kusahau.

Anayeiokota atajaribu namba. Kwa vifaa vingi vya aina hii, baada ya kukosea mara 10 mfululizo ufunguo unafutwa, na kilichobaki ndani ni takataka ambazo hata aliyevitengeneza hawezi kuzisoma. Zilizo bora zimejazwa gundi ngumu ndani, ili anayepasua ganda afikie kumbukumbu aiharibu kwanza.

Faida inayotuhusu zaidi ni kwamba hakuna programu ya kusakinisha. Kompyuta zetu ni za umri tofauti, zina Windows za aina tofauti, na makarani hatuna ruhusa ya msimamizi ya kusakinisha kitu. Mwaka fulani tuliambiwa tutumie VeraCrypt. Ni programu nzuri ya kusimba na ya bure, lakini inahitaji ruhusa hiyo kila penye kompyuta ambayo haijawekewa, na kule tunakopeleka data hatuwezi kuwalazimisha. BitLocker nayo, programu ya kusimba ya Windows yenyewe, kuitengeneza flashi iliyofungwa kunahitaji Windows ya Pro, na nyingi ya zetu ni Home. Flashi yenye vitufe inafanya kazi popote penye tundu la USB.

Sitaki niwauzie muujiza. Kifaa hiki kinalinda kinapopotea. Ukishakifungua na kukichomeka kwenye kompyuta yenye virusi, virusi wanaona unachokiona wewe. Ndiyo maana naomba aina yenye uwezo wa kuwekwa "kusoma tu", ili kikichomekwa kwingine kisiandikwe. Wala si kila kilichoandikwa "salama" kwenye boksi ni salama. Mwanzoni mwa 2010 ilitangazwa kuwa kampuni ya Kijerumani ya SySS imegundua kasoro katika flashi za Kingston, SanDisk na Verbatim zilizokuwa na cheti cha FIPS 140-2, kiwango cha Marekani cha usalama wa vifaa vya kusimba. Data zilisimbwa vizuri, lakini nywila ilikuwa ikihakikiwa na programu kwenye kompyuta, na programu hiyo mwishowe ilituma ujumbe uleule wa kufungulia kila mara. Aliyeweza kuutuma ujumbe huo hakuhitaji nywila. Mwaka 2022 SySS haohao walionyesha udhaifu katika kifaa kingine cha Verbatim, na hicho kilikuwa na vitufe. Kwa hiyo ununuzi ufanywe na mtu anayesoma: atafute namba ya cheti cha FIPS 140-3, toleo lililofuata, cha kifaa husika kwenye orodha ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kwa kuwa vyeti vya 140-2 mwisho wake ni Septemba 2026; ahakikishe namba ya siri inahakikiwa ndani ya kifaa; aangalie kama kuna kasoro iliyotangazwa na kama imerekebishwa. Na asinunue kwa mchuuzi anayeuza flashi za terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema ni ghali. Kweli, moja inaweza kufika dola 100 na zaidi, wakati ya kawaida ni elfu kumi na kitu. Lakini hatuhitaji kumpa kila mtumishi. Wanaohamisha taarifa za wagonjwa ni wachache: CTC, kifua kikuu, afya ya uzazi, maabara. Wawekeni kwenye karatasi, muwazidishe kwa bei, kisha mlinganishe na posho za semina moja. Mimi nimelinganisha, na ndiyo maana naandika bila kuona haya.

Mtasema faili zina nywila. Chache zinazo, na nywila ni jina la kliniki na mwaka, imeandikwa kwa kalamu kwenye kava la daftari. Kuficha foda siyo kulifunga. Kubadilisha jina la faili kuwa "picha za harusi" siyo kulifunga.

Mtasema data zitapita mtandaoni, flashi zinaelekea kufa. Natamani siku hiyo ifike, na pale mtandao unapofanya kazi tunautumia. Ila mnajua umeme unavyokatika na bando linavyokwisha tarehe za mwisho wa ripoti. Simu inapigwa kutoka juu: leteni data leo. Hapo mtu anachukua flashi na kupanda bodaboda. Mpaka simu hiyo ikome kupigwa, hoja ya mtandao haijibu suala langu.

Mtasema watu watasahau namba ya siri na data zitafutika. Hofu hii naielewa. Yupo Stefan Thomas, mtaalamu wa programu huko San Francisco, aliyesahau nywila ya kifaa chake cha IronKey, flashi inayosimba, chenye bitikoini 7,002 na kubakiwa na majaribio mawili kati ya 10. Yeye nakala pekee iliyobaki ilikuwa humo. Sisi nakala ya asili iko kwenye kompyuta ya kliniki; flashi ni ya kubebea tu. Ikijifuta, tunanakili upya na kuondoka. Vilevile vifaa hivi vinaruhusu namba mbili, ya mtumiaji na ya msimamizi, na ya msimamizi inaweza kukaa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la Mganga Mfawidhi.

Na huenda yupo atakayesema, kama alivyosema mmoja wenu kikaoni, kwamba kibaka hana haja na majina ya wagonjwa, anafuta na kuuza flashi. Labda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watafiti nchini Marekani walitupa flashi 297 katika eneo la Chuo Kikuu cha Illinois. Karibu zote ziliokotwa, na karibu nusu zilichomekwa na faili kufunguliwa. Waliozichomeka walikuwa watu wa kawaida, wenye udadisi au nia ya kumtafuta mwenyewe. Mji wetu ni mdogo. Anayeokota hapa atakuta jina la jirani yake.

Ninachoomba kifanyike

Kwanza, tangazeni msamaha wa muda maalumu: kila mtumishi mwenye taarifa za wagonjwa kwenye flashi, simu au kompyuta mpakato binafsi azilete zihamishwe na kufutwa ipasavyo, bila kuandikiwa barua ya karipio. Mkitisha watu, wataficha.

Pili, flashi zinazosimba kwa chipu zinunuliwe kwa vitengo nilivyovitaja ndani ya robo hii ya mwaka wa fedha, kwa vigezo nilivyoeleza, na ziandikwe kwenye rejesta: nani amechukua, lini, inakwenda wapi, imerudi lini. Wiki zinazosubiri ununuzi, Kitengo cha TEHAMA kitengeneze flashi zilizofungwa kwa BitLocker kwenye zile kompyuta chache zenye Windows ya Pro. Si suluhisho kamili, lakini ni afadhali kuliko tulichonacho.

Tatu, ipunguzeni mizigo yenyewe. Ripoti nyingi hazihitaji jina. Orodha ya ufuatiliaji inayokwenda kata moja haina sababu ya kubeba kata zote. Hili halina gharama, linaweza kuanza Jumatatu, na mimi na wenzangu tuko tayari kuandaa fomu zake.

Nne, itolewe taarifa ya maandishi kuhusu flashi iliyoporwa: ilikuwa na nini, Tume imearifiwa au haijaarifiwa, na wateja waliomo wataelezwaje. Najua hili ndilo gumu kuliko yote. Washauri wetu wa kliniki wanajua namna ya kumpa mtu habari nzito, washirikisheni. Kuna mama humo anayehitaji kujua ili ajipange kabla mtu mwingine hajamsemea kwa mumewe.

Tano, mwenzetu aliyeporwa aondolewe kwenye faili lake barua ile ya kumtaka ajieleze.

Naomba jibu la maandishi kwa watumishi wote kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Likikosekana, nitawasilisha malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, pamoja na nakala ya dokezo langu na tarehe lilipopokelewa. Sitaki kufika huko. Nafanya kazi hapa kwa moyo, na wateja wengi tumejuana kwa miaka. Wananisalimia kwa jina, nami nawasalimia kwa namba zao ili aliyekaa benchi la nyuma asisikie wanaitwa nani.

Wenu katika utumishi,

Mtumishi wa takwimu, CTC